Kitana, Sikio na Mkono: Habari za Kuwatunza Mbwa Wadogo wa Manyoya Marefu

Mwanafunzi wa historia amezoea kusoma habari za wafalme, vita, mikataba na biashara. Akiambiwa kwamba kumchana mbwa mdogo na kumsafisha masikio nako kuna historia yake, huenda akadhani kwamba anafanyiwa mzaha. Hata hivyo kazi hii ni ya kale, imetajwa na waandishi mashuhuri, imewapa watu wengi riziki na wengine wengi udhia, nayo yazusha swali ambalo halijapata jibu la kutosha mpaka leo: ni nani awajibikaye kwa kiumbe ambaye binadamu amembadili maumbile kwa ajili ya kujifurahisha?

Msomaji wa pwani yetu ana sababu nyingine ya kusita. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini mapokezi ya dini hiyo hiyo husimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akakijaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa karibu kufa kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Basi kumpandisha mbwa kitandani ni jambo moja, na wajibu wetu kwa kiumbe mwenye kuteseka ni jambo jingine. Insha hii yahusu hilo la pili.

Hoja yangu ni fupi. Manyoya marefu ya mbwa mdogo ni deni. Binadamu ndiye aliyelikopa, kwa kuwachagua wazazi wa mbwa huyu vizazi na vizazi mpaka akapata mnyama asiyeweza kujitunza mwenyewe. Deni hilo hulipwa kila wiki kwa kitana, kwa maji na kwa pamba ya kupangusia masikio. Tukizichungua karne zilizopita, twaona kwamba yule aliyefurahia manyoya na yule aliyeyachana mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Wa kwanza ameandikwa sana. Wa pili hakuandikwa, au ameandikwa ili achekwe.

Yatupasa kuanza na maumbile, maana bila kuyajua hatutafahamu kazi yenyewe. Mbwa wa kufugwa ametokana na mbwa-mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini, ambaye si yule mbwa-mwitu wa madoa tumwonaye katika mbuga zetu. Mnyama huyo ana manyoya yanayopukutika kwa majira na kuota upya, na ana masikio yaliyosimama wima, yenye kupitiwa na hewa. Hahitaji kinyozi. Ama tundu la sikio lake, kama lilivyo la kila mbwa, halikwenda moja kwa moja. Kwanza hushuka kuelekea chini, kisha hupinda kama kiwiko cha mkono, na kuingia ndani mpaka penye kiwambo. Maji yakiingia humo hayatoki upesi, na nta ikizidi haina njia rahisi ya kupanda. Kwa mbwa-mwitu jambo hilo si kitu, kwa sababu upepo humkausha. Lakini mbwa aliyefugwa sikio lake likilala likafunika tundu, na juu yake pakaning'inia manyoya, na ndani ya tundu nako pakaota vinyweleo, hapo pamekuwa mahali pa joto, giza na unyevu. Na mahali pa namna hiyo hapakosi wapangaji.

Charles Darwin aliliona jambo la masikio mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya viumbe alieleza kwamba hakuna mnyama wa kufugwa ambaye hana, katika nchi moja au nyingine, masikio yaliyolala. Aliiona hali hiyo kuwa ni alama ya kufugwa. Zamani zetu hizi elimu imekwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 wataalamu waliowachunguza mbwa zaidi ya 1,000 wa mbegu 80 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa, yaani urefu wake, msokoto wake, na ndevu na nyusi za mnyama, hutokana na jeni tatu tu. Moja kati ya hizo, iitwayo FGF5, ndiyo yenye amri ya kuuambia unyoya wakati wa kukoma kukua. Amri hiyo ikiharibika, unyoya huendelea kurefuka. Kasoro kama hiyo ingekuwa hasara kwa mnyama wa mwituni. Kwa binadamu ilikuwa pambo, akaichagua na kuizidisha.

Lini alianza kuichagua, hatuwezi kutaja mwaka. Lakini katika maandishi ya Wayunani mbwa mdogo wa kuchezewa yumo tayari, naye aliitwa mbwa wa Melita. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alipotaka kuueleza ukubwa wa mnyama fulani mdogo wa mwitu, alimlinganisha na mbwa huyo, kwa kuwa alijua kwamba wasomaji wake wote wamewaona mbwa wa Melita. Mwanafunzi wake Theophrastus, katika kitabu chake cha tabia za watu, alimdhihaki mtu mwenye majivuno madogo madogo ambaye mbwa wake wa Melita alipokufa alimjengea kaburi na kulisimamishia jiwe lenye maandishi. Waandishi wa baadaye walishindana juu ya jina hilo: Strabo alisema kwamba mbwa hawa walitoka katika kisiwa kilichopo karibu na Sicily, ambacho leo chaitwa Malta, Plinio akakitaja kisiwa kingine cha jina lenye kufanana na hilo katika bahari ya Adriatiki. Ugomvi huo haukukatika. Jambo ambalo halina ugomvi ni kwamba michoro ya vyombo vya udongo vya Wayunani yaonyesha mbwa mdogo mwenye manyoya mengi akitembea miguuni pa watu wa mjini.

Ni nani aliyemchana? Lusiano wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2 baada ya Kristo, ametupa jibu katika insha yake juu ya wasomi waliojiajiri katika nyumba za matajiri wa Roma. Asimulia habari za mwanafalsafa mzee wa madhehebu ya Kistoiki, jina lake Thesmopolis, ambaye bibi mmoja tajiri alimlipa mshahara ili nyumba yake ionekane kuwa ni nyumba ya elimu. Siku ya safari bibi alimwomba mzee amfanyie hisani ndogo: amchukulie mbwa wake wa Melita, aitwaye Myrrhine, kwa kuwa alikuwa na mimba na watumishi hawakuwa watu wa kutegemewa. Mzee hakuweza kukataa. Safari nzima mbwa akachungulia kutoka katika joho, chini kidogo ya ndevu za mwanafalsafa, akabweka kwa sauti nyembamba na kuzilamba zile ndevu. Na mwisho, kwa mujibu wa uvumi, akazaa humo humo ndani ya joho. Mcheshi mmoja wa msafara akasema kwamba mzee amehama madhehebu, ameacha Ustoiki akawa Mkiniki. Na jina la Wakiniki katika Kiyunani latokana na neno lenye maana ya mbwa.

Kisa hiki huchekesha, lakini msomi akikisoma hucheka kwa tahadhari. Lusiano hakumlaumu mbwa. Alitaka kuonyesha kwamba mwenye mali anaweza kuyagawa mapenzi na kazi mafungu mawili: mapenzi akabaki nayo mwenyewe, na kazi akampa yule asiyeweza kukataa. Utaratibu huo tutauona tena na tena.

Upande wa tiba hali ilikuwa nyingine. Columella, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 aliyeandika juu ya kilimo, alijua kwamba masikio ya mbwa huharibika. Aeleza kwamba wakati wa joto nzi huyashambulia mpaka pengine mbwa hupoteza masikio yote, na kwamba kinga yake ni kuyapaka lozi chungu zilizopondwa. Na kama vidonda vimekwisha kutokea, vidondoshewe lami iliyochemshwa pamoja na mafuta ya nguruwe. Lakini Columella alikuwa akisema juu ya mbwa wa shamba na wa mifugo, ambaye kazi yake ilikuwa na thamani ya fedha. Hali kadhalika katika karne za kati za Ulaya. Gaston Fébus, mtawala wa Foix, aliyeanza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387, alieleza magonjwa ya mbwa na dawa zake kwa urefu. Na Edward, mtawala wa York, aliyekifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza na kukiongezea mambo mwanzoni mwa karne ya 15, aliagiza kwamba mbwa wa kuwinda wachanwe na kusuguliwa kwa vifundo vya majani makavu kila asubuhi, na kwamba pawe na mtoto wa kukaa bandani pamoja nao usiku na mchana. Kwa hiyo mbwa mwenye kazi alikuwa na kitabu chake na mtumishi wake aliyeamriwa waziwazi. Mbwa wa pajani alikuwa na mashairi na vichekesho. Sikio lake liliuma kama la mwenziwe, lakini halikupata mwandishi.

Tabibu John Caius wa Uingereza alitoa kitabu cha Kilatini juu ya mbwa wa nchi yake mwaka 1570, nacho kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1576. Humo mbwa mdogo wa pajani alitajwa kama pambo la mabibi, na aliyekifasiri akaongeza maneno makali ya kuwakemea wanaowapenda mbwa hao kuliko watoto wa watu. Faida moja tu aliyoitaja Caius ni kwamba joto la mbwa huyo, akiwekwa tumboni au kifuani pa mgonjwa, hutuliza maumivu. Hata tabibu, basi, alipomtazama mbwa mdogo aliuliza atamfaa nini mgonjwa. Hakuuliza mbwa mwenyewe auguapo atafanyiwa nini.

Mabadiliko yalianza barabarani, na mfano ulio bora ni Paris. Katika mji huo, kando ya mto Seine na hasa karibu na Pont Neuf, daraja lililokamilika mwaka 1607, palikuwa na mafundi wa kuwanyoa mbwa. Michoro ya karne ya 18 na ya 19 yawaonyesha wakiwa wameketi juu ya visanduku vyao, mbwa amelazwa magotini, mikasi mkononi, na mto u karibu kwa kuoshea. Wengi wao walikuwa wanawake. Waliwanyoa hasa mbwa wa manyoya ya kusokotana ambao Wafaransa huwaita caniche, wakubwa kwa wadogo; walikata kucha; waliwahasi paka; na desturi mbaya ya zama zile ya kukata ncha za masikio ya mbwa nayo ilikuwa miongoni mwa kazi zao. Hatuna haja ya kuwasifu kupita kiasi. Lakini yafaa kutambua kwamba hapa kazi ya kitana ilitoka uani ikaenda hadharani, ikapata bei na ikawa ufundi. Mwanamke wa Pont Neuf hakuwa na joho la mwanafalsafa wala heshima yake, ila alilipwa kwa kazi ile ile aliyoifanya, akaenda zake jioni.

Haikuwa hivyo Peking. Katika jumba la kifalme la China walifugwa mbwa wadogo wenye manyoya mengi shingoni na masikioni, na matowashi ndio waliowatunza. Dunia ya magharibi iliwafahamu mbwa hao kwa njia ya vita. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1860, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliingia katika kasri la Yuanmingyuan nje ya Peking, yakapora mali, na kisha Waingereza wakalichoma moto. Katika vitu vilivyochukuliwa walikuwamo mbwa watano. Mmoja wao Kapteni John Hart Dunne alimpelekea Malkia Victoria mwaka 1861, naye akaitwa Looty, jina litokanalo na neno la Kiingereza la kupora. Alichorwa picha na Friedrich Wilhelm Keyl mwaka huo huo, na akaishi mpaka mwaka 1872. Jina la mbwa limehifadhiwa, pamoja na picha yake. Jina la towashi aliyemchana kabla ya moto halimo katika habari hizo.

Miaka 40 na zaidi baadaye, mwaka 1903, mchoraji wa Kimarekani Katharine Carl aliingia katika jumba hilo ili kumchora Cixi, mama mtawala wa China, naye akaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1905. Aeleza kwamba mbwa walikuwa na banda lao lenye sakafu ya marumaru na mito ya hariri ya kulalia, na kwamba matowashi waliwatembeza na kuwaogesha kwa wakati uliowekwa. Aeleza pia kwamba Cixi alichukizwa na ufundi wa kuwadumaza mbwa ili wapate kutosha ndani ya mkono wa joho. Huyu alikuwa mtawala mkali, asiyejulikana kwa huruma. Lakini katika jambo hili aliona kwamba uzuri upatikanao kwa kumuumiza mnyama una mpaka wake. Ama matowashi, wengi walikuwa watoto wa maskini ambao miili yao yenyewe ilikatwa ili wapate kazi ya kifalme. Mikono yao iliosha mbwa waliolala juu ya hariri mpaka mwaka 1923, mfalme Puyi alipowafukuza wote isipokuwa wachache.

Wakati Looty alipokuwa akichorwa, katika wilaya ya Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, mbwa mwingine wa manyoya marefu alikuwa akiumbwa, wala si na mabibi wa majumba bali na watu wa viwandani. Miji ya Bradford, Halifax, Leeds na Huddersfield ilikuwa imejaa viwanda vya sufu. Wafumaji kutoka Scotland waliohamia huko kutafuta kazi walikuja na mbwa wao wadogo wa kuulia panya, na mbwa hao walichanganywa na wa wenyeji. Maonyesho ya kwanza ya mbwa yaliyopangwa rasmi yalifanywa Newcastle mwaka 1859. Klabu kuu ya mbwa ya Uingereza ikaundwa mwaka 1873. Kwa hiyo mbwa mzuri akawa na soko. Aliyepata sifa kuliko wote aliitwa Huddersfield Ben, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufa mwaka 1871 kwa kukanyagwa na gari la farasi. Mwenyewe alikuwa Bibi Mary Ann Foster wa Bradford. Kwa umri huo mfupi Ben alishinda zawadi zaidi ya 70 na kuacha wana wengi, na hao ndio msingi wa mbegu iitwayo Yorkshire Terrier.

Manyoya ya mbwa hawa yalitakiwa yawe ya singa, laini kama hariri, yenye rangi ya chuma mgongoni na ya dhahabu kichwani, yakigawanywa kwa mstari mmoja kuanzia puani mpaka mkiani na kuning'inia hadi chini. Watu wa mataifa mengine ya Uingereza walifanya mzaha kwamba wafumaji wa Yorkshire wameyafuma katika vitanda vyao vya kufumia. Mzaha huo ulikuwa na chembe ya kweli. Watu hawa walijua habari za nyuzi: walijua ubora wake kwa kuzipapasa, walijua mafuta yanavyozilinda, walijua zinavyokatika. Wakayapaka manyoya mafuta, wakayafunga mafungu madogo madogo ndani ya karatasi au vitambaa yasikatike, na wakamvisha mbwa soksi miguu ya nyuma ili kucha zake zisiharibu manyoya ajikunapo.

Soksi hizo zastahili kutafakariwa. Mbwa hujikuna kwa sababu ya viroboto, kwa sababu ya ngozi yenye kukauka, na mara nyingi kwa sababu ya masikio. Kumvisha soksi ni kuyalinda manyoya. Si kuliponya sikio. Mtu aliyeitazama zawadi ya maonyesho pekee angeweza kuridhika, maana manyoya yamebaki mazima, ilhali mnyama amenyang'anywa ishara yake ya pekee ya kusema kwamba anaumwa. Sisemi kwamba wafumaji walikuwa wakatili. Walikuwa watu maskini. Sheria ya mwaka 1847 ilikuwa imepunguza kazi ya wanawake na vijana viwandani ikawa saa 10 kwa siku, na baada ya saa hizo ndipo mtu alipoketi nyumbani na kitana chake. Mbwa wa namna hiyo aliweza kuuzwa kwa fedha nyingi kuliko mshahara wa wiki nyingi. Kati ya yote tuliyoyapitia, hawa ndio wa kwanza ambao mwenye mbwa na mwenye kitana walikuwa mtu mmoja. Walakini hata hapo jicho lilikuwa juu ya manyoya, na sikio likafuata nyuma.

Aliyeligeuza jicho hilo alikuwa tabibu wa wanyama. Chuo cha kwanza cha utabibu huo kiliasisiwa Lyon na Claude Bourgelat mwaka 1761, na cha London kikafuata mwaka 1791. Lakini vyuo hivyo viliwekwa kwa ajili ya farasi na ng'ombe, na mbwa wa pajani alihesabiwa kuwa chini ya hadhi ya mganga. Waingereza Delabere Blaine, kwa kitabu chake cha mwaka 1817 juu ya magonjwa ya mbwa, na William Youatt, kwa kitabu chake cha mwaka 1845, ndio waliothubutu kuchukua mbwa kuwa mgonjwa kamili. Wote wawili waliandika juu ya vidonda vya masikio. Youatt alipinga pia ile desturi ya kukata ncha za masikio, akionyesha kwamba mwenye kuikata hulifungua tundu kwa vumbi na baridi na kumtesa mnyama bila faida. Neno lake lilikawia. Yorkshire Terrier wa mwanzo walikatwa masikio, na ni mwishoni mwa miaka ya 1890 tu ndipo mbwa waliokatwa hivyo walipopigwa marufuku katika maonyesho ya Uingereza.

Wapangaji wa sikio nao wakaanza kujulikana mmoja mmoja. Mwaka 1838 Mjerumani Eduard Hering alieleza utitiri aishiye ndani ya masikio, ambaye leo aitwa Otodectes cynotis. Huyu ndiye awaachiaye mbwa na paka uchafu mweusi kama machicha ya kahawa. Mwaka 1925 Fred Weidman alieleza kuvu wa jamii ya hamira aliyempata katika ngozi ya kifaru wa Bara Hindi. Kuvu huyo, aitwaye sasa Malassezia pachydermatis, alikuja kutambuliwa kuwa ni mkazi wa kawaida wa masikio ya mbwa, asiyedhuru mpaka apate unyevu na nta ya kupita kiasi. Hivyo kiumbe aliyepewa jina kwa sababu ya mnyama mwenye ngozi nene kuliko wote akaonekana kumsumbua zaidi mnyama laini kuliko wote.

Elimu hii imeibadili kazi ya mkono. Zamani iliaminika kwamba vinyweleo vya ndani ya sikio lazima ving'olewe vyote kila mara. Leo matabibu wengi hushauri kwamba sikio lenye afya lisichokozwe, kwa kuwa kila unyweleo ung'olewao huacha jeraha dogo. Njia iliyo sahihi ni nyepesi. Huanza kwa kitana: manyoya ya nyuma ya masikio, ambayo ni membamba na hujisokota upesi kuliko mengine, huachanishwa kwa vidole kabla ya kuchanwa, kwani fundo likiachwa huivuta ngozi na kuzuia hewa. Kisha sikio hunuswa na kutazamwa. Likiwa safi, halina harufu wala wekundu, huachwa. Likiwa na nta, humiminiwa dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mzizi wa sikio husuguliwa polepole kwa nje, mbwa huachwa ajitikise, na kinachopanda hupanguswa kwa pamba iliyozungushwa kidoleni. Kijiti chenye pamba hakiingizwi, kwa sababu ya kile kiwiko tulichokitaja: kijiti huisukuma taka chini mpaka ikagandamana penye kiwambo. Spiriti haitumiki penye kidonda. Na iwapo pana usaha, maumivu au kichwa kilichoinama upande, dawa yoyote ya nyumbani husimamishwa, maana kiwambo kikiwa kimetoboka dawa nyingine huweza kumfanya mbwa kiziwi. Ni tabibu peke yake awezaye kukitazama.

Katika miji yetu ya pwani jambo hili lina uzito wake. Mbwa ambaye manyoya yake yalichaguliwa katika baridi ya Yorkshire, akiletwa Mombasa au Dar es Salaam, hukuta joto na unyevu ambao wafumaji wale hawakuufikiri. Sikio lake halikauki upesi baada ya kuoga. Na pengine katika nyumba zetu nako si mwenye nyumba ashikaye kitana, bali ni mtumishi wa nyumbani, ambaye huenda hakufundishwa kazi hiyo, wala haikuhesabiwa katika mshahara wake, na ambaye labda dini yake humtaka ajioshe mara saba baada ya kuimaliza. Habari za Thesmopolis hazikuisha Roma.

Wahenga wamesema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kwa deni hili malipo ni mawili. La kwanza ni kwa mnyama: yule apendezwaye na manyoya marefu akumbuke kwamba chini yake pana sikio, na kwamba mbwa hana vidole vya kulisafisha. La pili ni kwa mtu: kazi ya kitana ihesabiwe kuwa ni kazi, ifundishwe na ilipwe, au afadhali mwenye mbwa aifanye mwenyewe. Akiketi chini, akampakata mnyama wake na kuinua ncha ya sikio lake ili atazame ndani, atakuwa anafanya kwa mkono wake mwenyewe jambo ambalo bibi wa Thesmopolis alimtwika msomi, na ambalo Peking waliwatwika wana wa maskini.